Uzi maalum: Unataka kusoma afya ya jamii? Njoo kwanza mwaloni tuongee

Bibi Afya wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka simu yangu haitulii. Shangazi, binamu, jirani wa zamani wa Nyakato, wote wana swali moja: "Mtoto kakosa udaktari, tumpeleke afya ya jamii?" Naomba tuanze hapo hapo, maana swali lenyewe limekaa upande. Afya ya jamii haikuwekwa pale kuokota walioukosa udaktari. Daktari anampokea mgonjwa aliyefika. Sisi tunauliza kwa nini watu 11 wa mwalo mmoja, yaani pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa, wamefika zahanati ndani ya wiki moja, na yule wa 12 mbona hajafika.

Mimi ni bibi afya, yaani afisa afya. Nilianza na diploma, nikafanya kazi kwenye halmashauri moja ya kando ya Ziwa Victoria, nikarudi chuo kwa shahada ya afya ya mazingira, na sasa namalizia uzamili wa afya ya jamii. Naandika kwa ajili ya vijana wanaojaza fomu sasa hivi, na wazazi wanaowalipia.

Niwape kisa. Nilipokuwa shahada mwaka wa pili tulipelekwa mafunzo ya vitendo kwenye mwalo mmoja, na madodoso mkononi: choo, maji ya kunywa, kichocho. Tulifika saa 3 asubuhi, tukapita nyumba kwa nyumba hadi saa 9 alasiri. Akina mama walitupokea vizuri, wengine wakiendelea kugeuza dagaa juani. Tukarudi na karatasi nyingi, tukaandika ripoti yenye asilimia na michoro ya rangi. Msimamizi wetu aliisoma kimya mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Wanaume wa hapa wako wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi kesho yake kumuuliza mwenye mitumbwi mmoja, mzee mtaratibu. Akatushangaa kabisa. "Wanangu, dagaa wanavuliwa gizani. Vijana wametoka ziwani alfajiri, mmekuja wamelala. Mkiwataka, njooni mbalamwezi."

Kwa wasiokaa ziwani: dagaa anavutwa na taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, ziwa lote linang'aa, kwa hiyo siku zile wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huenda kusalimia kwao. Tukarudi mbalamwezi. Tukakuta kambi nzima ya vijana nyuma ya mawe, wanalala chini ya turubai, wanakunywa maji ya ziwa bila kuchemsha, choo hakuna. Na katika daftari la kitongoji hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa, kwa sababu kila mmoja "ni wa kwao", huyu Ukerewe, huyu Bunda, yule Geita. Ripoti yetu yote, pamoja na michoro yake, ilikuwa imeeleza mwalo ambao nusu ya watu wake hawamo.

Mnakumbuka hesabu za sehemu shule ya msingi? Juu kiasi, chini asili. Sasa shikeni hilo, kwa sababu elimu hii yote imesimama juu ya asili.

Chukueni mfano wa kufikirika. Mwalo wa kwanza una wagonjwa 40 wa kuhara, wa pili una 20. Mtu asiyesoma atapeleka dawa zote kwenye ule wenye 40. Aliyesoma atauliza wako wangapi. Wa kwanza una watu 4,000, kwa hiyo ni wagonjwa 10 kwa kila watu 1,000. Wa pili una watu 800, ni wagonjwa 25 kwa kila 1,000, basi wa pili ndio unaungua. Wengi wetu tunaishia hapo tukijiona tumefika. Lakini kama wale 800 ni walioandikwa tu, na kuna wavuvi wa kuhamahama 1,200 ambao daftari haliwajui, asili yako ni 2,000, na kiwango kinarudi 10 kwa 1,000, sawasawa na mwalo wa kwanza. Wagonjwa hawajabadilika hata mmoja. Kilichobadilika ni nani umemhesabu kuwa mtu wa hapa.

Hilo ndilo somo la epidemiolojia kwa kifupi, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu. Mtalikuta kwenye kisa cha John Snow wa London mwaka 1854, ambacho kila mwalimu wa somo hili anakifundisha: kipindupindu kinaua watu mtaani, yeye anaweka alama za vifo kwenye ramani, anaona zimezunguka pampu moja ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu unaondolewa. Walimu wengi hukomea kwenye mpini. Mimi kinachonigusa ni kwamba aliwafuatilia na ambao hawakuugua. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa ule ule walisalimika, na alipochunguza akakuta walikuwa wanakunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe. Wazima nao ni ushahidi.

Na msidhani mifano ya kusoma iko London tu. Mkoa wetu huu umo kwenye vitabu vya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za vijijini Mwanza, wakazipanga jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwepo: wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, usimamizi ukawa wa mara kwa mara. Nyingine ikasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 1995: baada ya miaka 2, waliopata maambukizi mapya ya VVU walikuwa asilimia 1.2 upande ulioboreshewa na asilimia 1.9 upande wa pili. Punguzo la karibu asilimia 40, kwa zahanati za kawaida kabisa.

Halafu mwaka 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, upande mwingine wa ziwa hili hili, wakatoa matokeo yao. Wao waliwapa dawa watu wote kwa mkupuo kila baada ya miezi 10 hivi, wagonjwa na wasio wagonjwa. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Ziwa moja, ugonjwa mmoja, majibu mawili. Tuliujadili huo mkasa darasani siku mbili. Rakai janga lilikuwa limekomaa zaidi, limeshaenea mbali na makundi ya awali. Na dawa ya mkupuo inaacha mwanya: aliyeambukizwa tena mwezi wa pili anasubiri mzunguko ujao, wakati yule wa Mwanza alikuwa na zahanati iliyo wazi kesho asubuhi. Ukielewa kwa nini majibu yalitofautiana, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya fani hii.

Nikomee hapa kwanza, ulizeni.

---

Mlenga Kombi

Dada shikamoo. Nimesoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), nimepata divisheni ya pili. Nikitafuta "afya ya jamii" kwenye shahada za kwanza hapa nchini naona majina mengine mengine. Nianzie wapi?

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Marahaba mdogo wangu, hongera.

Kwetu njia ya shahada ya kwanza iliyozoeleka inaitwa afya ya mazingira, ndiyo inayomtoa afisa afya, yule watu wanayemwita bwana afya au bibi afya. Muhimbili pale Dar wanayo. Ukivutwa zaidi na uendeshaji wa huduma, bajeti, dawa kufika kwa wakati, Mzumbe wanafundisha usimamizi wa mifumo ya afya. "Afya ya jamii" yenyewe kwa jina hilo utaikuta zaidi ngazi ya uzamili, na hiyo huhitaji hata kupanda basi: chuo cha Bugando hapa hapa Mwanza kinayo, Muhimbili wanayo, na Moshi pia. Wanaovuka mpaka, Makerere wana shahada ya afya ya mazingira, na Maseno kule upande wa Kisumu wana skuli nzima ya afya ya jamii na maendeleo ya jamii.

Kama fedha au alama hazikuruhusu kuingia shahada moja kwa moja, usidharau diploma. Ngudu, Kwimba, kuna chuo cha afya ya mazingira, na watu wa Kanda ya Ziwa wengi mnaowaona wakipima machinjioni wametokea kwenye diploma.

Mambo mawili uyashike. Soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huu huu, usitumie wa kaka yako, kwa sababu vigezo vya masomo hubadilika. Pili, tangu sheria ya mwaka 2007 taaluma hii ina baraza lake la usajili. Uliza mapema kabisa kama kozi unayoombea inakuwezesha kusajiliwa. Nimekutana na kijana aliyesoma miaka 3 kozi yenye neno "afya" na neno "jamii" kwenye jina, akamaliza, ndipo akagundua haimpi nafasi ya kuomba kazi ya afisa afya. Alilia mbele yangu na sikuwa na la kumsaidia.

Na usichanganye na maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii. Ni kazi njema zote, tutakutana nao kila siku kwenye kata, lakini ni fani nyingine.

---

Mzee wa Igogo

Binti yangu, nimekusoma kwa makini na unaongea vizuri. Ila sisi huku mlimani bwana afya tunamjua kwa faini. Anakuja na daftari, anamkuta mama ntilie na ndoo yake ya maji, anamfungia. Nyumba haina choo, faini. Hatujawahi kumwona anakuja kutuuliza tunaishije juu ya haya mawe. Hiyo elimu ya kuhesabu inafundishwa kweli?

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Shikamoo baba. Nakubali neno lako, na nitakujibu kwa kosa langu mwenyewe.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatupa nguvu kubwa: kuingia, kukagua, kufunga, kushtaki. Kuna siku lazima itumike. Kipindupindu kikiingia sokoni huwezi kumbembeleza mtu anayeuza juisi ya maji ya mtaro. Lakini kijana anayetoka chuo na kipande cha sheria mkononi anaona ndiyo njia fupi kwa kila jambo, na mimi nilikuwa hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizungukia kaya za mlimani, siyo Igogo, ni mlima mwingine wa jiji hili, nikiwapa siku 14 wachimbe vyoo. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, kaa." Akaniletea sururu, akanionyesha nyuma ya nyumba, akasema chimba. Nikapiga mara tatu, cheche zikatoka. Chini ya udongo wa kiganja kimoja kulikuwa na jabali. Akasema ndilo lililobeba nyumba 30 za hapa. Nikaomba radhi, nikafuta ile notisi.

Siku hiyo niliacha kuuliza "kwa nini hamna choo" nikaanza kuuliza "choo cha namna gani kinawezekana hapa". Mlimani ni choo cha kujengewa juu chenye chombo kinachotolewa, au mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba kushuka hadi bomba kuu, kama yalivyoanza kuwekwa kwenye baadhi ya milima ya jiji letu. Ufukweni shida ni kinyume chake: mchanga unabomoka na maji yako karibu, ukichimba futi chache tu shimo linajaa, na kinachoingia chooni kinarudi ziwani unakoteka. Hapo inahitajika kujengea shimo kwa tofali au kuinua choo. Chuoni haya yapo, baba, yana hadi michoro na vipimo. Ila mwanafunzi huwa anayasoma ili afaulu mtihani.

Na kuna historia yetu wenyewe inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya watu vijijini, karibu watu milioni 2 kwa jumla, vilikaa kuzunguka redio wiki baada ya wiki, wakisikiliza somo la malaria, la kuhara, la minyoo, la kichocho, la kifua kikuu, halafu redio inazimwa, wanajadiliana: sisi hapa tufanye nini? Wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka, kufukia madimbwi. Wewe utakuwa unaikumbuka kuliko mimi. Nadhani nguvu yake ilikuwa pale redio ilipozimwa.

---

Mzee wa Igogo

Naikumbuka. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi. Choo tulichochimba mwaka ule nilikitumia hadi naoa. Basi endelea, binti.

---

Nesi wa Zahanati

Mimi niko zahanati ya kisiwani, miaka 8 sasa. Naongezea la kwangu kwa wanafunzi watakaokuja.

Mnakuja na barua, tunawapa vitabu vya MTUHA, yale madaftari ya takwimu za wagonjwa, mnapiga picha kurasa, mnaondoka. Utafiti wenu unaisha, mnahitimu, picha za joho tunaziona mtandaoni. Sisi hatujawahi kuambiwa mlichokikuta. Na kile kitabu nimekijaza mimi usiku, kwa tochi ya simu, baada ya kuzalisha. Ukikuta safu imeachwa wazi usiandike "takwimu duni", niulize siku ile kulikuwa na nini.

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Dada yangu, umenena. Vijana someni hapo mara mbili.

Kwa wasioijua, MTUHA ni mfumo wa taarifa za uendeshaji huduma za afya: yale madaftari makubwa ya wagonjwa wa nje, kliniki ya mama na mtoto, wazazi, chanjo. Kila mwezi yanajumlishwa na kupelekwa wilayani, yanaingia kwenye kompyuta, yanapanda hadi wizarani. Namba yoyote unayosikia kwenye hotuba ilianza kama mstari wa kalamu ya mtu kama Nesi.

Chuoni utafundishwa kuzichambua. Utajifunza biostatistiki, yaani takwimu za afya, na tafadhali usiikimbie, nawajua wengi waliochagua fani hii wakidhani wamekwepa hesabu. Utajifunza Excel vizuri, halafu programu kama Stata au R, na kutengeneza dodoso la kwenye simu linalofanya kazi pasipo mtandao, maana visiwani mtandao unakuja na upepo. Lakini utaratibu ninaoufuata mimi sasa, na ninawasihi muufuate: kabla sijaondoka kituoni nakaa na mhudumu saa nzima, namwonyesha nilichokiona kwenye daftari lake. Mara mbili nimesahihishwa papo hapo. Mara moja niliona kuhara kumeshuka ghafla Februari, nikafurahia dawa ya kutibu maji tuliyokuwa tumegawa. Nesi akasema, "Hapana, Februari mtumbwi wa abiria uliharibika, watu hawakuweza kuja."

Mgonjwa aliyebaki nyumbani hana mstari kwenye kitabu. Ndiyo hesabu ile ile ya asili.

---

Nesi wa Zahanati

Asante kwa kuliona. Wabeja sana.

---

Baba Watatu

Maneno mazuri, lakini mimi ni mzazi, nauliza bila kuzunguka. Ajira zipo? Nina mabinti watatu na ng'ombe wamebaki wanne.

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Ndugu yangu, nakujibu kama ambavyo ningemjibu kaka yangu wa damu.

Serikali inaajiri maafisa afya kwa halmashauri, ila nafasi hutoka kwa vipindi na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Binti anaweza kukaa nyumbani mwaka, miwili, hata zaidi. Usiuze ng'ombe wote ukitegemea kwamba akihitimu Julai, Agosti ana mshahara.

Miradi ya mashirika ilikuwa mlango mkubwa wa pili, hasa ya VVU huku ziwani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ilisimama na wenzetu wakapewa barua ndani ya siku chache. Wapo waliokuwa na uzoefu wa miaka 15. Kwa hiyo nawashauri vijana wasijenge maisha juu ya mkataba wa mradi mmoja.

Iliyobaki ni ipi? Utafiti: Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na watafiti wanahitaji wakusanyaji takwimu, wasimamizi wa nyanjani, wachambuzi. Viwanda vya samaki vinahitaji watu wa usafi na ubora, kwa sababu minofu ya sangara inakaguliwa vikali kabla ya kuuzwa Ulaya. Migodi ya upande wa Geita inahitaji watu wa afya na usalama kazini. Mamlaka za maji nazo. Binti mwenye shahada hii anayejua takwimu kweli na anayejua kuandika ripoti inayosomeka ana pa kuanzia. Yule mwenye cheti peke yake atasubiri sana.

Niseme pia kazi yenyewe inafananaje siku ikifika, ili asije akashtuka. Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, na mlipuko ukatangazwa umekwisha tarehe 2 Juni. Watu hukumbuka madaktari wenye mavazi ya kujikinga, na wanastahili. Ila ili mlipuko uzimike, lazima kila aliyemgusa mgonjwa aandikwe jina na afuatiliwe siku 21, joto likipimwa. Mtu anaamka asubuhi, anatembea migombani, anabisha hodi, anaulizwa "umetuletea nini leo?", anasalimia, anapima, anaandika, anaenda nyumba inayofuata. Siku 21. Akikosekana mmoja, unamtafuta huyo. Kama binti yako ana moyo wa hivyo, mkopo wa elimu ya juu aombe mapema, na ng'ombe mmoja abaki.

---

Baba Watatu

Nimekuelewa. Yule wa kati ndiye mwenye moyo huo, yeye ndiye huwafuatilia wenzake wasiomaliza dozi. Nitakaa naye.

---

Mhudumu wa Kitongoji

Dada shikamoo. Nimesita kuandika kwa sababu ninyi wote ni wasomi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nilipata mafunzo ya miezi 6 kwenye huu mpango ulioanza Januari 2024. Elimu yangu kidato cha nne, nina D ya Biolojia na D ya Kemia.

Siku ya kumeza dawa za kichocho mimi ndiye ninayeshika ile fimbo ya kupimia urefu, kujua mtoto ameze vidonge vingapi. Nimejifunza kwamba mtoto ambaye hajala akimeza vile vidonge anatapika au anasikia kizunguzungu, na akitapika mmoja mbele ya wenzake, kesho yake wazazi wa kitongoji kizima wanakataa. Kwa hiyo napita kwa akina mama jioni ya kuamkia siku hiyo, naomba kila mmoja amnyweshe mtoto uji asubuhi. Mwaka huu hawakukataa. Je, mtu kama mimi anaweza kufika chuo kikuu?

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Marahaba sana. Umeandika jambo la maana kuliko mengi niliyoyasema mimi juu huko.

Kwanza mtambue wadau: mpango aliousema una lengo la kupata wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Hawa ndio watu ambao mhitimu wa chuo kikuu atafanya nao kazi kila siku. Ukija na shahada yako usimkute huyu ndugu ukamwita "wa kujitolea". Anajua saa ngapi uji unapikwa.

Sasa wewe, ndugu yangu. Kemia na Biolojia ndizo ufunguo, na unazo. Hakiki na mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, masomo mengine unayotakiwa kuwa nayo, kama limepungua moja rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, wengi wanafanya. Ingia diploma ya afya ya mazingira, miaka 3. Soma kwa nguvu, kwa sababu ufaulu mzuri wa diploma ndio unaokufungulia shahada. Ni safari ya miaka mingi, sikufichi, lakini mimi mwenyewe nimepita njia ya diploma.

Ukifika darasani mtafundishwa mzunguko wa kichocho: mayai yanaingia majini na kinyesi, yanaanguliwa, kiluwiluwi kinamtafuta konokono kwenye majani ya ufukweni, kinazaliana ndani yake, halafu vinatoka vingine hasa jua likiwa kali mchana, vinapenya ngozi ya aliyeingia majini. Wenzako wataukariri. Wewe utakuwa unaona ni saa ngapi akina mama wa kwenu wanafua, na ni upande gani wa mawe watoto wanaoga. Utaelewa pia kwa nini dawa peke yake haimalizi: inaua minyoo iliyomo mwilini leo, haimzuii mtoto kurudi majini kesho. Uliza maswali hayo kwa sauti, walimu wazuri wanayapenda.

Nikuulize na mimi. Kwenye kitongoji chako, wavuvi wa kambini wanameza dawa?

---

Mhudumu wa Kitongoji

Hapana dada. Dawa tunagawa shuleni. Wa kambini hawana shule, na kuna watoto wanaopika kule, miaka 12, 13. Hawamo kwenye orodha yangu kwa sababu orodha ni ya kaya.

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Basi tuanze na hao. Chukua daftari la shule, lolote. Chora kambi zote unazozijua, weka jina la mwenye mitumbwi wa kila kambi, na watu wangapi wanalala pale, wakubwa na watoto mbalimbali. Usiende na fomu, nenda ukawasalimie tu. Muone na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla, wasije wakadhani unawahesabia leseni au nyavu haramu, ukishaleta hofu hiyo hawatasema ukweli tena. Kisha mpelekee mganga mfawidhi wa zahanati yako orodha hiyo, naye aipeleke wilayani, ili mwakani dozi ziombwe kwa hesabu ya watu wote.

---

Mhudumu wa Kitongoji

Nitafanya. Mwezi sasa hivi ni mwembamba, wako ziwani kila usiku.

---

Bibi Afya wa Mwaloni

Subiri ukue. Siku zikifika niandikie ujumbe wa faragha, nitaomba ruhusa siku mbili nije tutembee wote. Uji nitaleta mimi.